Waliomponya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na kwa karibu mwaka mzima mimi ndiye niliyempimia pombe. Nalitaja hilo mapema kwa sababu hapa Kamuli wapo wanaonijua kwa hilo tu. Hawasemi yule mama wa nyumba yenye mlango wa kuchongwa, wala yule aliyekuwa akiimba sauti ya pili kanisani. Wanasema yule aliyekuwa akimnywesha mumewe. Nimezoea. Jina likishakukaa mwilini haliumi tena, linachosha tu.

Watu wanapenda kuuliza ilianzaje, kana kwamba ukiwapa sababu watakusaidia kuibeba. Sina sababu. Hakufiwa, hakufukuzwa kazi, wala hakulogwa. Tulioana akinywa kama wanaume wengine wa huku, rubisi ya ndizi kwenye harusi na kwenye matanga, anacheka zaidi kidogo ya kawaida, anarudi nyumbani analala. Baadaye alianza kwenda na mafundi wenzake kwenye kazi za kuezeka, na wakishuka kutoka juu ya paa walipitia nyumba moja inayouza gongo. Kisha akaanza kupitia peke yake. Kisha akaanza kupitia asubuhi kabla ya kazi, kwa sababu bila hiyo mikono ilikuwa inatetemeka na hawezi kushika msumari. Hapo ndipo nilipojua kwamba hanywi tena ili afurahi. Alikunywa ili aweze kusimama.

Tuna mabinti wawili. Mkubwa alikuwa ameshaanza kuona aibu kupita njia ya karakana ya baba yake akiwa na wenzake.

Mwaka ule, wakati wa Pasaka, mume wangu alisimama kanisani akaapa kwamba hatagusa pombe tena. Watu walipiga makofi, nami nilipiga kuliko wote. Jumatatu alishinda kitandani akitoka jasho, shuka likalowa kama lililotolewa kisimani. Nilimpikia uji, akautapika. Nikajiambia kwamba ndivyo uovu unavyotoka. Jumanne mchana alijikongoja hadi karakana, akashika randa, na mbele ya macho yangu akaanguka chali, akakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Majirani walisimama mbali. Mmoja alipaza sauti kwamba ni kifafa na nisimguse. Nilimgusa. Tulimpakia kwenye bodaboda katikati, dereva mbele na mimi nyuma nikimkumbatia, tukaenda naye kituo cha afya.

Tabibu aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke wa kutoka Muleba, mdogo kwangu kwa umri, rozari ndogo imening'inia kwenye mfuko wa koti lake. Alimhudumia mpaka akatulia, ndipo akanigeukia.

"Aliacha pombe lini?"

"Tangu Pasaka," nilisema, na nakumbuka nilisema kwa majivuno.

"Nani alimwambia aache ghafla hivyo?"

"Mungu."

Hakucheka wala hakunikemea. Alivuta stuli akakaa karibu nami.

"Mama, mwili wake umeshazoea kukaa na pombe kila saa. Ukiiondoa yote kwa mara moja, mwili unachanganyikiwa. Ndicho kilichomwangusha. Wapo wanaokufa hivyo hivyo, na nyumbani watu wanasema amekufa akiwa ameokoka."

"Kwa hiyo anywe?"

"Njia iliyo salama ni alazwe hospitali, aachishwe kwa dawa akiwa anaangaliwa. Nitamwandikia rufaa sasa hivi."

Mume wangu alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. "Siendi," alisema.

"Kwa nini, kaka?"

"Milango ya wodi ile nimetengeneza mimi. Siwezi kwenda kulala mle kama mlevi."

Tulimbembeleza, mimi na tabibu, kwa zamu. Alikataa. Mtu mwingine angeinua mabega akasema basi, nendeni mkafie nyumbani. Nimeshawahi kuambiwa maneno ya namna hiyo na watu wa dini na wa serikali. Huyu alifikiri kidogo, akasema, "Haya. Tuanze na kile usichokikataa. Gongo unaweza kuiacha?"

"Nikiwa na kitu kingine."

"Rubisi?"

Alifungua macho akanitazama, kama anayeniomba ruhusa ya kuona aibu.

"Utakubali mkeo ndiye akupimie? Na ule kwanza kabla ya kunywa?"

Alikubali. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Tabibu aliuita mpango ule kupunguza madhara. Maana yake, alinieleza, ni kwamba hatumsubiri mtu awe msafi ndipo tumsaidie. Unaanza kumsaidia hapo alipo, mchafu hivyo hivyo, ili kesho awepo. Gongo ya vichochoroni hakuna anayejua kilichomo, leo kali, kesho sumu. Rubisi ni nyepesi, inajulikana, na ikitoka kwa mtu mmoja, iliyolala muda uleule, unaweza kuipima na kuipunguza taratibu. Akaniamuru jambo jingine, na hilo alilirudia mpaka tukafika getini: vidonge vidogo vya vitamini visikose, na chakula kisikose.

"Pombe imemkausha ndani," alisema. "Asikae na njaa. Akikosa chakula na hivi vidonge, kinachoharibika ni ubongo, na ubongo haushonwi."

Kwetu kukamua ndizi ni kazi ya wanaume. Wanazikanyaga kwenye mtumbwi wa mti na majani, wanachanganya na mtama uliokaangwa, inaachwa ichachuke. Mimi nimelelewa na mama ambaye hata kibuyu cha pombe hakukiruhusu kivuke kizingiti. Nilikwenda kwa mzee jirani aliyekuwa akikamua, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu kwa Kinyambo, maana kwa Kiswahili nilishindwa. Alinisikiliza, akasema, "Waitu, mwanangu, wake wa watu huja hapa kunitukana. Wewe ni wa kwanza kuja kuniomba." Akaanza kuniletea dumu.

Asubuhi ya kwanza nilimpa viazi na maharage, nikamkalia mpaka akamaliza. Nikampa kidonge. Kisha nikamimina rubisi kwenye kikombe cha plastiki hadi kwenye alama niliyochora kwa kisu, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama ninavyomkabidhi chai.

"Geuka," aliniambia.

Niligeuka nikatazama ukuta. Nilimsikia akimeza. Kikombe kilipogonga meza nilisikia pia anapumua, na nilijua analia, naye alijua najua. Nikafagia.

Sitaki kuipamba. Zilikuwepo siku nilizomchukia kiasi cha kutamani nimmwagie dumu zima kichwani. Alikuwa ananyong'onyea kikikaribia kikombe cha mchana, anazunguka mlangoni kama mbwa anayesubiri mfupa, nami moyoni namtukana. Lakini alama ilikuwa inashuka. Tulipoishusha aliteseka kidogo, kisha akazoea, tukaishusha tena. Alianza kula bila kulazimishwa. Mashavu yalirudi. Siku moja nilipita karakana nikamkuta anapiga mstari wa penseli juu ya ubao, nikasimama kuutazama ule mstari. Ulikuwa umenyooka. Alinyanyua macho akasema, "Unashangaa nini, mama watoto? Mimi ni fundi." Binti mkubwa alianza tena kupita njia ile.

Kulikuwa na kuanguka. Alikwenda harusini Kiruruma, akarudi amebebwa, gongo inanuka mpaka kwenye soksi. Nilimkokota hadi kwa tabibu kesho yake, nikitegemea amfokee, kwa kweli nikitaka amfokee. Alimpima, akamuuliza alikula nini, akamuuliza nani alikuwa naye. Kisha akasema, "Leo tunaanza pale tulipokuwa tumefika. Si mwanzo. Pale tulipofika." Nilikasirika na wote wawili. Njiani mume wangu aliniambia kwa sauti ndogo, "Huyu mtu hanidharau. Ndiyo maana naogopa kumwangusha." Nikaacha kukasirika.

Watu wa nje hawakuona mstari ulionyooka. Waliona dumu.

Kiongozi wa kwaya alinifuata baada ya mazoezi, akanishika mkono kwa upole ule wa watu wanaotaka kukuumiza.

"Dada, tunakuombea sana. Ila wenzako wanaona vigumu uimbe madhabahuni wakati pombe inakaa nyumbani kwako."

"Pombe ilikaa kwako juzi, harusi ya binti yako. Mapipa."

"Ile ilikuwa harusi, dada."

"Na hii ni dawa."

"Dawa ya pombe haiwezi kuwa pombe," alisema, na nyuma yake wenzangu niliokuwa nao kwenye sauti ya pili wakaitikia kwa vichwa. Nilirudisha sare ya kwaya imefuliwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyekuja kuniuliza mume wangu anaendeleaje. Wakati ule alipokuwa akilala mitaroni walikuja kila wiki kunipa pole. Mwanamke wa mlevi anayelia wanajua cha kumfanyia. Mwanamke wa mlevi anayefanya kitu hawamjui.

Baba mkwe wangu aliishi Rugu, kwenye kibanja cha ukoo, shamba la migomba na kahawa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu asiyepaza sauti, ambaye nilipoolewa alinipokea kama bintiye. Mdogo wake alikufa kwa pombe, na yeye ndiye aliyemwosha. Kwa hiyo nisimfanye shetani, ingawa ingenirahisishia. Alikuja kututembelea akakuta kikombe chenye alama mezani.

"Mkamwana, hiki ni cha nini?"

Nilimweleza yote, tangu kuanguka karakana hadi alama ilipofika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akashukuru, akanywa chai, akatuombea, akaondoka. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa na furaha. Nilidhani amenielewa. Kumbe alikuwa ameshakata shauri.

Haikupita muda mrefu akampigia mwanawe simu: kuna kikao cha ukoo Rugu juu ya mipaka ya kibanja, aje. Nilimpigia shati pasi. Kwenye begi nikaweka vidonge, na chupa ya rubisi nimeifunga kwenye sweta.

"Hii ya nini? Baba akiiona?" alisema.

"Asiione. Kunywa ukiwa peke yako, lakini kunywa. Na ule."

"Nitakula," alisema, akacheka. "Umekuwa kama mama yangu." Hayo ni maneno ya mwisho aliyoniambia akiwa ananijua vizuri mimi ni nani.

Simu yake ilikuwa inapatikana siku ya kwanza tu. Baada ya hapo nilimpata wifi yangu, dada yake mkubwa, anayefanya biashara ya nguo kule kule Rugu. Kila nilipopiga aliniambia kikao kimeongezwa, wazee hawajakubaliana, mtandao unasumbua. Wiki ilikuwa inakatika. Siku moja aliniambia ukweli, nadhani kwa sababu alikuwa na furaha ikamshinda.

"Hakuna kikao, dada. Yuko kwenye maombi. Tumefunga wote kwa ajili yake."

"Mmefunga? Na yeye amefunga?"

"Yeye kwanza. Maji tu. Pepo la pombe halitoki kwa mtu aliyeshiba."

"Wifi, vidonge vyake anakunywa?"

"Vile vitu vyenu tumevitupa chooni pamoja na ile chupa. Usije huku ukamtia majaribuni."

Niliondoka kesho yake alfajiri. Bodaboda, kisha gari hadi Omurushaka, kisha bodaboda tena. Nilifika kwa baba mkwe jua limeshapanda. Uani walikuwepo watu wa kikundi cha maombi ambacho wifi alikuwa akikusanya nyumbani, hakikuwa cha kanisa lao, mchungaji wao hata hakujua. Walikuwa wakiimba, midomo imekauka kwa njaa, na nakiri walikuwa wamefunga kweli. Walijitesa kwa ajili ya mume wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kama wangekuwa wanakula.

Walikuwa wamemweka katika chumba cha kuhifadhia kahawa. Komeo lilikuwa upande wa nje. Nilimkuta ameketi kwenye godoro katikati ya magunia, shati lile nililolipiga pasi limekuwa kama tambara. Macho yake yalikuwa yanacheza, hayatulii, kama ya mtu anayetazama nje ya gari linalokimbia.

"Umekuja na mama yako?" aliniuliza.

Mama yangu tulimzika kabla mtoto wetu wa pili hajazaliwa. Jeneza alitengeneza yeye.

"Simama," nilimwambia. Alisimama ametanua miguu, akapiga hatua kama mtoto anayejifunza, akashika ukuta. Baba mkwe alikuwa nyuma yangu mlangoni.

"Anapambana, mwanangu," alisema. "Alitetemeka sana, alitapika, aliona watu wasiokuwepo. Sasa ametulia. Pepo halitoki kimyakimya."

"Baba, huyu ni mgonjwa. Tumpeleke hospitali."

"Amebakiza kidogo."

Nilimpigia tabibu. Nilimweleza macho, nilimweleza miguu, nilimweleza alivyouliza juu ya mama, na baba mkwe anavyokataa. Upande wa pili ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mpeleke hospitali sasa. Usingoje mtu yeyote. Nipe huyo mzee nizungumze naye."

Nilimpa baba mkwe simu. Aliishika mbali na sikio, akasikiliza maneno machache, akanirudishia.

"Huyo ndiye aliyekufundisha kumpa mwanangu pombe," alisema, bila ukali. "Siwezi kufundishwa naye mara mbili."

Nilipiga magoti. Nilimshika miguu yule mzee, mbele ya watu wale, nikamwita tata, yaani baba, nikamwambia anihukumu mimi, anifukuze kwenye ukoo akitaka, ila ampe mwanawe chakula na gari. Wifi alikuja akaninyanyua, akaniambia imani yangu ndogo ndiyo inayozuia muujiza. Waimbaji wakaongeza sauti. Nilitoka hadi barabarani kutafuta bodaboda nimpakie kwa nguvu, na nilikuwa bado nabishana na dereva, aliyekuwa anaogopa kuingilia mambo ya watu, niliposikia kuimba kumekatika.

Alikuwa ameanguka kama alivyoanguka karakana. Safari hii hakutulia. Alikakamaa, akalegea, akakakamaa tena. Baba mkwe ndiye aliyemnyanyua, mzee yule, peke yake, akampeleka kwenye gari la jirani. Njia nzima alimpakata kichwa mapajani, machozi yanamdondokea mwanawe usoni, akimwita kwa jina la utotoni. Mimi nilikaa mbele. Sikugeuka.

Hospitali walimpa sindano, wakamtundikia dripu, wakampa vitamini ile ile kwa mshipa. Hakufa. Siku zilivyokwenda macho yalitulia, miguu ikapata nguvu. Alikuwa anakula, anasalimia, anacheka. Kila daktari alipotoka, mume wangu aliniuliza, "Huyu kijana ni nani?" Kila niliporudi na uji alinipokea kwa furaha kama nimetoka safari ya mbali.

Daktari alituita, mimi na baba mkwe. Alitueleza kwamba njaa na kukatishwa pombe ghafla, kwa mtu wa namna ile, kumekula sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Mambo ya zamani mengine yapo. Ya leo hayakai. "Anaweza kupata nafuu kidogo," alisema. "Msitegemee sana."

Tulikaa kwenye benchi nje. Baba mkwe aliitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Lakini hajaomba pombe," alisema hatimaye. "Umeona? Tangu tufike, hajaomba hata mara moja."

"Hajaomba hata maji, baba. Hajui kama ana kiu."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayemsikiliza mtu anayesema lugha nyingine. Nafikiri siku ile alichagua. Kulikuwa na ukweli wa aina mbili kwenye lile benchi, na mmoja usingemwacha hai.

Mume wangu aliporuhusiwa walimpeleka Rugu kwanza, kwa siku chache, walisema. Nilipomfuata nilikuta imeandaliwa ibada ya shukrani uani, maturubai, viti, watu kutoka vijiji vya jirani. Mume wangu alikuwa amevalishwa suti. Wifi alisimama akasimulia jinsi ndugu yake alivyokuwa mfungwa wa pombe, jinsi hata watu wa karibu walivyokuwa wakimnywesha, watu wakageuka kunitazama, na jinsi sasa amewekwa huru. Akampa kipaza sauti.

Mume wangu aliwatazama watu, maturubai, maua ya karatasi. Akatabasamu lile tabasamu zuri.

"Nawashukuru wote mliokuja kwenye harusi yetu," alisema. "Bibi harusi yuko wapi? Mwambieni asiogope."

Kisha aliyekuwa akiongoza ibada akaruka, akapaza sauti kwamba Roho amesema, kwamba hii kweli ni harusi ya Mwanakondoo na bibi harusi ni kanisa. Watu walilipuka kwa vigelegele. Mume wangu alipoona wanapiga makofi naye akapiga, huku bado akinitafuta kwa macho, akinipita, akirudi, akinipita.

Nilimchukua siku ile ile. Wifi alitaka abaki, watu walikuwa wanaomba kuja kumwona. Nilimwambia kama anataka kumzuia atafute komeo jingine. Baba mkwe alisema, "Mwacheni aende na mkewe," akaingia ndani, hakutuaga.

Sasa yuko nyumbani. Ni mume ambaye kila mwanamke wa hapa angemwomba Mungu ampe: hanywi, hagombi, hatoki usiku. Asubuhi ananiuliza mimi ni nani kwa adabu sana, nikimwambia anafurahi. Mabinti anawasalimia kama wageni, na mkubwa ameacha kumkumbusha kwamba ni binti yake. Anamwitikia tu kama mgeni mwenzake. Mikono haijasahau. Ukimpa randa anaranda vizuri kuliko zamani, bila kutetemeka. Ila hajui anatengeneza nini, wala ameanza lini. Nisipomzuia anauranda ubao mpaka unakuwa mwembamba kama kifuniko cha kitabu, na bado anaupulizia vumbi, anautazama kwa jicho moja, anaendelea.

Tabibu alikuja kumwona. Mume wangu alimwamkia shikamoo, yeye mwenye umri wa kuwa baba mdogo wa tabibu, kwa kuwa aliona koti jeupe. Tabibu alikaa naye, akamuuliza maswali yake, akashika mikono yake iliyotulia. Nilipomsindikiza tulifika kwenye migomba ya mwisho akasimama.

"Alikuwa amebakiza vikombe vichache," alisema.

Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa navimimina. Akawasha pikipiki yake.

Kwaya wamenirudishia sare. Kiongozi aliileta mwenyewe, imekunjwa vizuri, akasema Mungu amejibu. Iko kwenye kochi, sijaivaa.

Juzi hapa alikuja mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe ni wa gongo, na kila mtu anajua. Alikaa, akakubali chai, akamtazama mume wangu aliyekuwa barazani akiranda.

"Dada, nataka unielekeze," alisema. "Wale watu wa Rugu. Unafika vipi?"

Nilimweleza kila kitu. Sikumficha chumba cha kahawa wala komeo. Nilimweleza kuhusu chakula, vidonge, kikombe chenye alama, kituo cha afya, tabibu. Nilimwambia nitakwenda naye mwenyewe kesho. Alisikiliza huku akizungusha kikombe chake.

"Lakini wako hanywi tena," alisema.

"Hanywi."

"Basi, dada," alisema, akainuka, akajifunga kitenge.

Walikwenda wiki ile. Nilimwambia tabibu, akafika nyumbani kwao akakuta kufuli, kuku wanatembea barazani. Nilihesabu magari yanayotoka Omurushaka kama mtu anayesubiri maiti.

Walirudi wakati senene wameanza kuanguka. Nilimwona mwanamume kwanza, sokoni, amesimama kwenye kivuli cha kibanda na wenzake. Aliniita kwa jina langu. Aliniuliza mume wangu hajambo, akawaulizia mabinti, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Gongo ilikuwa inanuka kwake kama kawaida, pengine zaidi ya kawaida. Mkewe alinipita mbele ya duka la chumvi, macho chini, amenyong'onyea, mwanamke ambaye muujiza umemkataa. Hakunisalimu. Nilitaka kumkimbilia nimshike mabega nimwambie kwamba ana bahati, kwamba mtu wake bado yumo, kwamba tunaweza kuanza kesho na kikombe. Nilimwita. Alisikia, akaongeza mwendo.